Missa Luba na Ndugu Zake: Wimbo Una Mwenyewe?

Sisi watu wa Kamina tunajivunia Missa Luba, na ni haki yetu. Tarehe 23 Machi 1958 iliimbwa mara ya kwanza hapa kwetu, kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa amekusanya watoto wa shule na walimu wao katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka uleule walikwenda kuimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na disiki yao ikazunguka dunia. Mwaka 1968 Sanctus yao ilisikika hata ndani ya filamu ya Mwingereza Lindsay Anderson.

Lakini kujivuna peke yake hakutoshi, tusikilize vizuri. Maneno ni ya Kilatini, ila sauti zina wazazi wao. Kyrie inafuata kasala, maombolezo ya Baluba. Sanctus imezaliwa na wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosanna inachukua mdundo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei inatoka kwa Bena Lulua. Basi hata jina "Luba" linafupisha mambo. Uzuri wa Sanctus uko hapo: inaanza polepole, kama mtu asiyetaka kuachilia mkono wa mwenzake, kisha Hosanna inaingia na ngoma. Huzuni ya njiani imekuwa sifa ya Mungu.

Mwanzoni hakuna noti iliyoandikwa. Mwalimu Joachim Ngoi alitoa sauti, wengine wakamjibu, kila mmoja akipamba kwa namna yake. Baadaye karatasi za noti zilichapwa, na jina linalosomeka mbele ni la Haazen. Hatumnyimi sifa yake, maana bila yeye pengine kundi lisingekuwako. Lakini aliyekusanya kuni si yeye aliyepanda miti. Tena, kile kilichokuwa kikibadilika kinywani kikakauka kwenye karatasi. Makorali ya ng'ambo yanajifunza kama amri kile ambacho waimbaji wetu walikibuni palepale.

Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, walitoa Missa Luba yao. Wako wanaosema: hii haiko ile yetu. Ni kweli haifanani na ya 1958 sauti kwa sauti. Lakini sisi tunaona wale ndugu walifanya kama wazee wetu: walipokea wimbo, wakauimba kwa koo lao. Wimbo hauna mapacha, una ndugu.

Kosa tunaliona karibu zaidi. Korali ya vijana ikifuata disiki tu, pumzi kwa pumzi, itakuwa imeshika tawi na kuacha shina. Kwa hiyo, walimu wenzetu, kabla ya kufundisha Sanctus, tuwatume wanafunzi kwa nyanya zao wakaulize: wakati wa kuagana mliimba nini? Na waimbe hiyo kwanza.