Nani alimharibu Rosa?

Muulize mtu aliyeisoma Rosa Mistika kwa ajili ya mtihani ni nini kilimwangamiza Rosa. Atakujibu hata hujamaliza swali: malezi mabaya. Baba alikuwa mlevi na mkali kupita kiasi, akambana binti, binti alipopata uhuru akashindwa kuumudu. Kwisha. Jibu limenyooka kama mstari wa rula, lina alama zake, na nimelikuta kwenye karibu kila mwongozo niliowahi kuufungua. Mimi limenichosha. Si kwamba ni la uongo. Tatizo ni kwamba linampunja Kezilahabi, halafu kuna watu linawafichia maovu yao.

Kwa ambaye hajaisoma (na kama hajaisoma aende akaisome, nitamsubiri): riwaya ilitoka 1971, Euphrase Kezilahabi akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Ameiweka Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwenyewe. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Zakaria anakunywa, Regina anapigwa, watoto wanaona. Siku barua ya mvulana aitwaye Charles inapoingia mikononi mwa Zakaria, Rosa anapata kipigo ambacho msomaji hakisahau. Kuanzia hapo mwanamume ni kitu cha kuogopwa. Anakwenda shule ya Rosary, ya wasichana, na woga huo anakwenda nao. Baadaye woga unageuka kuwa kinyume chake, na tunamfuata mpaka chuo cha ualimu Morogoro, kupitia utoaji mimba, mpaka uchumba na Charles yuleyule, na kifo cha kujiua.

Sasa, damu au malezi? Waswahili tuna jibu kwa kila upande, ndiyo raha ya kuwa na methali nyingi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, na tunamaliza kesi hapohapo. Kesho yake, kwa mtoto mwingine, tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ninayoipenda mimi ni ya mhunzi: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hebu itazame vizuri. Unaweza kuisoma kama methali ya nasaba, kwamba kazi ya baba imo mwilini mwa mtoto. Lakini unaweza pia kuisoma kama habari ya mtoto aliyekulia karibu na tanuri, akazoea moshi, akashikishwa mivukuto kabla hajajua kuna kazi nyingine duniani. Methali haikulazimishi kuchagua.

Shaaban Robert hakujisumbua na swali hili, au tuseme alilimaliza mapema. Katika Adili na Nduguze ya 1952, watoto watatu wa Faraji wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Baba mmoja, nyumba moja, na ukishasikia majina unajua nani atamfanyia nani nini. Tabia inakuja na jina. Inapendeza kusoma, kwa sababu Shaaban Robert ni Shaaban Robert, lakini hakuna mahali unapoweza kuuliza Hasidi aliupata wapi uhasidi wake.

Kwa Kezilahabi swali hilo linaulizika. Jina la Rosa Mistika lenyewe ni la mtego: ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, ua la fumbo. Yaani mtoto kapewa jina la bikira, kisha ubikira ndio unaokuja kuwa kipimo cha kumhukumia. Kwa Shaaban Robert jina linasema mtu yukoje. Hapa jina ni mzigo, nao ni wazazi, kanisa na kijiji waliomtwika.

Kuna mwandishi mwingine namkumbuka kila nikifika hapa. Miaka mia moja kamili kabla ya Rosa Mistika, mwaka 1871, Mfaransa Émile Zola alianza kuchapisha mfululizo wa riwaya 20 kuhusu ukoo mmoja, Rougon-Macquart, kazi iliyomchukua mpaka 1893. Zola alikuwa amesoma vitabu vya sayansi ya wakati wake kuhusu urithi wa tabia, akataka kuonyesha jinsi kasoro ya bibi mmoja inavyoteremka kwa watoto, wajukuu na vitukuu. Katika L'Assommoir (1877) Gervaise na mumewe Coupeau wanaangamizwa na pombe. Binti yao, Nana, anapata riwaya yake mwaka 1880: malaya wa kifahari wa Paris, anayewafilisi wanaume na kufa kwa ndui. Na Étienne, mtoto mwingine wa Gervaise, katika Germinal (1885) anaiogopa pombe, maana akinywa anapandwa na hamu ya kuua, na anaamini hiyo ni deni la wazee wake.

Nana na Rosa wote ni mabinti wa walevi. Ungedhani ni hadithi moja. Tuwe wa haki kwa Zola: umaskini wa mitaa ya Paris ameuchora vizuri sana, huwezi kusema kaona damu tu. Lakini kwake sumu imo mishipani na inangoja siku yake. Kezilahabi hakufuata njia hiyo. Anachorithi Rosa kutoka kwa Zakaria si kiu ya pombe. Ni woga. Na woga haupiti kwenye damu, unapita kwenye kiganja cha mkono siku ya barua.

Kwa hiyo wale wa "malezi" wameshinda? Hapo ndipo ninapogoma.

Kwanza, Rosa si mtoto pekee wa nyumba ile. Wako Flora, Honorata, Stella, Sperantia na mdogo wao wa kiume, Emmanuel. Paa ni lile lile, ulevi ni ule ule. Mbona Stella hakuishia alikoishia dada yake? Kama malezi ni mashine ya kufyatulia matofali, tungetoa matofali yanayofanana. Ukweli ni kwamba watoto wa nyumba moja hawalelewi mahali pamoja. Rosa alikuwa kifungua mimba, kipigo cha barua kilimkuta hana wa kumtazama. Waliomfuata walimtazama yeye. Walikulia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na habari za Rosa ndani yake, na hayo ni mazingira mengine kabisa.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi hasa: tukishasema malezi, macho yetu yanabaki Namagondo, kwa Zakaria, na tunasahau mazingira hayaishii mlangoni kwa baba. Deogratias je? Bwana maendeleo, mtu mzima mwenye cheo, anayejua fika anamfuata mwanafunzi. Mkuu wa chuo kule Morogoro je, anayetembea na msichana aliyekabidhiwa amfundishe ualimu? Hawa hawakumlea Rosa vibaya. Walimkuta. Walikuwa na akili timamu, mshahara na ofisi, wakafanya walichofanya. Mwongozo wa mtihani utawapa mstari mmoja kwenye orodha ya wahusika, kisha urudi kumsulubu Zakaria na ukali wake. Naye Charles anakuja mwishoni na kipimo chake cha ubikira, anakuta binti si bikira, anamkataa, na bado wapo wasomaji wanaomwonea huruma. We acha tu.

Hata hili neno "kuharibika" silipendi, ingawa nimelitumia kwenye kichwa cha habari. Tunalitumia kwa wasichana na kwa maziwa. Mwanamume wa miaka arobaini anayelala na mwanafunzi hatusemi ameharibika.

Kichekesho ni kwamba kitabu chenyewe kiliwahi kuzuiwa mashuleni, kwa hofu kwamba kitawapotosha vijana. Wakubwa waliamini sana nguvu ya mazingira ilipokuja habari ya kurasa za riwaya. Sijui kama waliiamini vivyo hivyo ilipokuja habari ya maofisa waliokuwa wakizungukia mabweni.

Simwachilii Zakaria, nisieleweke vibaya. Lakini naye ni mtu aliyetoka mahali. Aliaminishwa na nani kwamba binti analindwa kwa fimbo? Kezilahabi anaijua hatari ya swali hili, maana ukilifuata utafika kwa babu, kwa babu wa babu, na hutampata mkosaji. Ndiyo maana, naamini, anafanya jambo la ajabu mwishoni: anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, na pale wanabishana nani wa kulaumiwa. Wapo wahakiki wanaoona sehemu hiyo imebandikwa tu. Mimi naiona ndiyo kitovu cha kitabu. Rosa anaweza kusema aliyoyasema juu ya baba yake, na yote ni kweli, lakini kesi bado ipo. Hukumu sitaitaja, nimeshaharibu utamu wa kutosha.

Nikipata nafasi ya kutunga swali la mtihani, siku moja tu, sitauliza tena juu ya ukali wa Zakaria. Nitauliza kuhusu Emmanuel. Mtoto wa kiume pekee wa nyumba ile, naye kamsikia baba akirudi usiku, kaona mama akipigwa, ana damu ile ile. Sijakutana na mwongozo hata mmoja unaouliza yeye alirithi nini.