Sekunde 40 za PL504

Video mmeiona, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia yote. Seti ya televisheni ya inchi 23, nyeusi na nyeupe, imetolewa stoo na vumbi lake limeganda kama blanketi. Dakika ya nne fundi anasema, "Hebu tuone kama bado iko hai," anachomeka plagi ukutani na kubonyeza swichi. Kazi iliharibikia hapo. Nusu saa iliyofuata ilikuwa matanga yenye muziki.

Irudieni hiyo dakika ya nne, safari hii bila sauti. Filamenti zinawaka zote kwa pamoja, maana zimefungwa kwa mfululizo, miliampea 300 zikipita kwenye valvu moja baada ya nyingine. Karibu nusu dakika hakuna kitu. Kisha, ndani ya kile kizimba cha volti kubwa, valvu ya PL504 inaanza kubadilika rangi. Msichanganye na ule wekundu mdogo wa filamenti katikati. Hapa ni bamba la anodi lenyewe, lile la kijivu, linaiva kuanzia kitovuni kama mkaa unaopepewa. Kamera imeliona. Nami nimeliona kwenye simu, miwani nimeisahau nyumbani. Fundi hakuliona kwa sababu alikuwa ameipa seti mgongo, anatueleza jinsi bibi yake alivyokuwa akitazama taarifa ya habari. Nimehesabu mara tatu. Sekunde 40 kabla hajanusa nta na kukimbilia swichi.

Anodi nyekundu maana yake mnaijua. PL504 haijilindi yenyewe. Volti hasi za gridi yake zinatokana na mawimbi ya osileta, PCF802, yanayopitia kapasita moja ndogo. Kapasita hiyo ikivuja, volti chanya zinapenya hadi kwenye gridi, na valvu inaachia mkondo kama bomba lililopasuka. Mkondo wote huo unapita kwenye flaibeki, transfoma ya volti kubwa, ambayo ilisukwa ipokee mipigo 15,625 kwa sekunde, si mto usiokatika. Nta inalainika, varnishi ya waya inakubali, mzunguko mmoja unashikana na jirani yake. Basi. Valvu unaweza kuipata kwa mtu. Flaibeki ya seti ya miaka ya sitini utaipata wapi, kama si ndani ya seti nyingine ya miaka ya sitini?

Na hapo sijataja kapasita za kuchuja umeme. Seti hii ina dayodi ya silikoni, si valvu ya PY82, kwa hiyo umeme wa 240 unazifikia papo hapo, wakati valvu bado baridi na hakuna mzigo wa kuupunguza. Hesabu ya kilele ni volti 340, juu ya kapasita zilizolala miongo kadhaa. Kwamba hazikupasuka ni bahati tu, wala asiiongeze kwenye sifa zake.

Najua utetezi wake, maana ameshautoa: flaibeki ilikuwa imekufa kabla. Eti aliipima omu, ikasoma vizuri. Kupima flaibeki kwa omu ni sawa na kumpima homa maiti. Mizunguko miwili ikishikana kati ya mamia, mita haitajua. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ilikuwa nzima, na yeye hawezi kuapa kwamba ilikuwa mbovu. Lakini dakika ya 19 anaichomoa ile kapasita ya gridi, anaipima, inavuja waziwazi, anaisogeza karibu na kamera na kucheka: "Hii takataka kabisa!" Anafunga mpya na kuendelea. Hata mara moja hakuihusisha na wekundu wa dakika ya nne. Alimshika mwizi mkononi, akamuaga kwaheri.

Mpangilio wa kazi haukuwa siri. Badilisha kapasita ile kwanza, hata kama hugusi nyingine. Kata umeme wa gridi ya pili ya PL504. Ukichomoa kofia ya juu peke yake, gridi hiyo itabeba mzigo wote na kuungua. Valvu yenyewe huwezi kuitoa, filamenti zote zitazimika. Kisha washa, upime gridi ya kwanza. Usipoona makumi ya volti hasi, zima, osileta haijaamka. Ni kazi ya dakika 20, kwa kapasita isiyofika bei ya chapati na chai.

Na wale wa variaki tulieni. Nimelisema hili mwaka jana nikaitwa mzee wa kelele, nalirudia. Ukipandisha umeme taratibu, kapasita inayovuja itavuja taratibu. Variaki hunyoosha kapasita za kuchuja, haiamshi osileta. Anayeitegemea peke yake anaua kwa adabu, ndiyo tofauti.

Marehemu mwalimu wangu, hapa Mombasa, hakuwa na variaki wala kamera. Alikuwa na balbu ya wati 100 kwenye ubao, mita yenye mshale, na pazia. Kabla ya kuwasha seti yoyote alilivuta pazia na kuzima taa ya duka, sisi vijana tukadhani anajificha na jua. Alikuwa anataka giza ili aione anodi. Plagi aliishika mkononi, hakuiamini swichi, akahesabu kwa sauti bila kupepesa jicho. Nilipomhimiza siku moja, kwa kuwa mwenye seti alikuwa amesimama mlangoni, alinijibu, "Mwanangu, seti hii imelala miaka mitatu. Haina haraka. Haraka unayo wewe." Mafundi wa enzi za Sauti ya Kenya (VOK) walikuwa na vipuri vingi kuliko sisi, na bado waliviogopea. Sisi tuliobakiwa na vichache ndio tunaovichezea.

Haki yake nimpe: lehemu zake ni safi, sauti imerudi bila mvumo, na boksi la mbao ameling'arisha vizuri kuliko wale wanaoligeuza tangi la samaki.

Picha pia ilikuja. Mitambo ya analojia ilizimwa Kenya mwaka 2015, kwa hiyo king'amuzi kimepitishwa kwenye modyuleta ya VHF, na mtangazaji wa leo akatokea kwenye kioo cha juzi, ametulia, kijivu chake kimekolea. Watu wamepiga makofi, nami nikajikuta natabasamu. Kisha kamera ikageuka kidogo, nikaona pembeni ya meza ile seti ya pili, ndugu yake, mgongo wazi, kizimba cha volti kubwa kitupu, nyaya zimekatwa kwa koleo.

Flaibeki yake ndiyo iliyoleta ile picha. Kwa hiyo ilikuwa nzima.