Nyumba Inayouzwa kwa Ridhaa: Kusoma By the Sea tukiwa Sidab

Msomaji atakayefuatilia majumba katika riwaya za Zanzibar, badala ya kufuatilia wahusika, atatambua upesi kwamba majumba hayo hayana kawaida ya kuuzwa. Hutaifishwa, hurithiwa kwa ugomvi, huhamwa usiku, huwekwa rehani yakaishia mikononi mwa mdai. Ni nadra kumkuta mtu wa makamo aliyeketi na nduguze, akahesabu vyumba, akamwita dalali na kutaja bei kwa hiari yake. Nashuku kwamba upungufu huu si wa bahati. Aliyenyang'anywa nyumba hubaki safi, maana ametendwa. Anayeuza ametenda. Fasihi yetu ya kupoteza imetulea katika hali ile ya kwanza, na tunapofika kwenye ya pili hatuna maneno.

Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, ni mfano ulio wazi. Jina la kitabu lenyewe ni hati ya umiliki, na Mapinduzi ya Januari 1964 yanakuja kuichana. Miongoni mwa Waomani wanaosema Kiswahili wapo wasiopenda hata kuitaja riwaya hii, kwani wanaisoma kama kitabu cha upande uliowafukuza. Mimi naiona bora kuliko wanavyokiri, na sababu ni Kijakazi. Mtumishi huyu anaijua kasri kwa mikono na mgongo kuliko anavyoijua bwana wake, na utiifu wake unaendelea muda mrefu kiasi cha kumkera msomaji. Hata hivyo, kasri ile ama ina hatia ama imekombolewa. Hakuna ukurasa ambamo ni jengo tu, lenye dari linalovuja na watu wanaobishana nani alipie fundi.

Abdulrazak Gurnah ndiye aliyeiteremsha nyumba mpaka kwenye karatasi zake. Katika By the Sea (2001), msiba mzima unaanzia kwenye shughuli ya kawaida ya biashara. Hussein, mfanyabiashara Mwajemi kutoka Bahrain, anakopa fedha kwa Saleh Omar, muuza samani, na dhamana anayoiweka ni hati ya nyumba ya mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud, ambaye naye alikuwa ameikabidhi kwa tamaa ya faida. Hussein harudi. Saleh Omar anadai haki yake, sheria inampa, na familia inatoka na virago vyake. Hakuna bunduki wala hotuba. Kuna saini, tarehe na bei ya samani. Siasa inapofika baadaye, na Saleh Omar akafungwa miaka mingi na kupoteza mke na binti, inakuta uhasama umekwisha kuandikwa na kutiwa muhuri na watu wenyewe kwa wenyewe.

Wahakiki wengi wa riwaya hii huanzia uwanja wa ndege wa Gatwick, ambako afisa wa uhamiaji anakichukua kijaluba cha udi cha mzee huyu, na huishia kwenye ukimbizi. Ni kusoma halali, lakini kunamwachilia Saleh Omar kwa bei rahisi mno. Mzee huyu ameingia Uingereza kwa jina la mtu aliyemtoa nyumbani mwake: kwanza amechukua nyumba ya Rajab Shaaban, kisha akachukua jina lake. Gurnah hamtetei wala hamlaani. Anamwacha aeleze, kwa adabu na kwa marefu, namna alivyokuwa na haki. Kadiri anavyoeleza ndivyo tunavyozidi kuona kwamba kuwa na haki hakukumtosha. Kwa Kiingereza chake cha upole Gurnah amemchora mtu ambaye riwaya zetu za Kiswahili, kwa ninavyozijua, zimemkwepa: mmiliki asiye dhalimu na asiye mhanga.

Nimeirudia riwaya hii mwaka huu katika mazingira yasiyo ya kimaktaba. Sidab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya majabali na bahari, kwenye barabara itokayo Maskati ya kale kuelekea Al Bustan. Tunaiandaa kuuzwa nyumba ya marehemu mama yetu, aliyetoka Unguja akiwa binti na kufika Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipofungua mlango kwa waliokuwa ng'ambo. Warithi tuko wanne, wote tumevuka hamsini: mmoja Maskati, mmoja Dar es Salaam, wawili Uingereza. Hisa zimegawanywa kwa sharia na hazina ubishi. Ubishi uko kwenye vitu visivyo na hisa. Mbuzi ya nazi, kifumbu, kinu, makasha mawili, na kanga zilizokunjwa kwa miaka bila kuvaliwa. Watoto wetu wanaita vyote hivyo kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, au hawaviiti kabisa. Dalali, mtu mwungwana, alituambia bila kupepesa macho kwamba mnunuzi atanunua ardhi na jengo atalivunja.

Katika siku hizo za kupanga mafungu matatu, la kugawa, la kutoa sadaka na la kutupa, nilielewa kwa nini Gurnah amemfanya mtu wake kuwa muuza samani. Muuza samani ni mtu anayeingia majumba ya watu wanaohama na kukadiria thamani ya maisha yao kipande kwa kipande. Ile meza ndogo ya mpingo, ambayo Latif alitumwa na mama yake kwenda kuiomba dukani na akarudi bila kitu, haina ukubwa wa kubeba uchungu wa ukoo. Lakini nyumba ni kubwa mno kuililia, na meza inatosha mkononi. Miongo mingi baadaye Latif, sasa mwalimu wa chuo kikuu London, anakutana na Saleh Omar, na mazungumzo yao hayairudishi nyumba wala meza.

Oman yenyewe imetoa kitabu kinachokaribia zaidi swali la hiari, nacho ni Sayyidat al-Qamar cha Jokha Alharthi (2010), kilichopata Man Booker International mwaka 2019 kwa tafsiri ya Kiingereza ya Marilyn Booth. Khawla, mdogo kati ya dada watatu, amemngoja Nasir aliyekuwa Kanada kwa miaka. Anarudi, anatulia, watoto wanakua. Ni hapo, mambo yalipokwisha kunyooka, ndipo Khawla anapoomba talaka. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo linalowatatiza watu wa nyumbani kwake na baadhi ya wasomaji pia. Alharthi hampi sababu kubwa ya kutulizia. Anampa umri tu, na kumbukumbu isiyolala.

Kitabu hichohicho kinatia kwenye orodha ya mali kile ambacho familia nyingi, yetu ikiwemo, zimezoea kukiruka. Zarifa, aliyemlea Abdallah, alikuwa mtumwa katika nyumba ya baba yake Abdallah, na utumwa Oman ulikomeshwa rasmi mwaka 1970 tu. Hapo Kijakazi wa Adam Shafi na Zarifa wa Alharthi wanakaa jiko moja, ingawa vitabu vyao havijuani. Katika mulkiya ya nyumba yoyote, iwe ya Unguja au ya Maskati, majina ya namna hiyo hayamo.

Sijaona By the Sea kwa Kiswahili. Paradise tunayo, Peponi ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, na ni kazi iliyotuonyesha kwamba sentensi za Gurnah zilikuwa zikisubiri lugha hii. Kwa hiyo jioni, baada ya kufunga maboksi, nilikuwa nikimsomea mama mdogo kurasa za mkopo wa Hussein, nikitafsiri papo kwa papo. Yeye aliona nyumba ya baba yake ikichukuliwa Unguja, nami nilidhani atakuwa upande wa Rajab Shaaban.

"Huyo muuza samani alikuwa na hati?" aliuliza.

Nikamwambia alikuwa nayo.

"Basi ni yake, mwanangu." Akanyamaza kidogo, akiendelea kufuta vumbi kwenye kasha. "Na mama yake huyo kijana, aliyekuwa akipika mle ndani, naye alitia saini?"

Nilirudi nyuma kurasa kadhaa kumtafuta. Hakutia. Hakuna aliyemwuliza.