Kilio Kabla ya Chemko

Wako wasemao kuwa muziki wa dansi ni wa miguu tu. Mimi siafiki. Orkesta ya Mlimani Park iliundwa Dar es Salaam mwaka 1978, ikauita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Katika nyimbo zake nyingi humsomea msikilizaji shauri kabla ya kumwita uwanjani: kwanza maneno, kwa mwendo wa pole, kisha magitaa na tarumbeta hushika chemko.

Nautwaa wimbo "Mume Wangu Jerry" uwe mfano. Waimbaji ni wanaume, lakini anenaye ni mke. Katika miaka ya 1980, Redio Tanzania ilipoupiga jioni moja, mama yangu aliweka chini ungo wa mchele, akanyamaza. Baba alikuwa na siku tatu hajaonekana nyumbani. Mimi, mtoto, niliyangoja magitaa nipate kuruka.

Leo nami ni mume wa mtu, na chemko hunikuta nimeketi, ningali na yale maneno. Hiyo ndiyo kazi ya utungo mwema: kuwatia wanaume kinywani maneno ambayo wake zao wamechoka kuyasema.