Faili la Kata na Daftari la Kikundi

Masharti ya uanachama kwenye katiba ya kikundi kimoja yalitaja jina la kikundi kingine. Kwenye jalada lilikuwepo jina lao, ukurasa wa kwanza jina lao, wa pili jina lao, halafu ghafla linachomoza jina la watu wengine kabisa, tena wa kata ya jirani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hakushtuka. Alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu, akaendelea kufunua. "Wametoka steshenari moja," akasema.

Steshenari yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa ofisi. Pale ulipata katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na mchanganuo wa biashara, vyote kwa pamoja, unabadilishiwa majina tu. Katika mafaili yaliyorundikwa mezani siku ile, matano yalikuwa ya ufugaji wa kuku. Yote matano yalianza na vifaranga 500, kwa bei ile ile ya chakula, na idadi ile ile ya vifaranga wanaotarajiwa kufa.

Nilikwenda kutazama mikopo ya halmashauri inavyoamuliwa, nikitaka kujua mahali hasa ambapo kikundi kinapata au kinakosa. Watu wengi hudhani ni kule juu, kwenye kikao cha halmashauri. Baada ya siku nne nilizokaa katani, nimeamini kwamba uamuzi mzito hufanyika kabla faili halijapanda gari kwenda makao makuu ya wilaya, na hufanywa na mtu mmoja au wawili ambao mara nyingi hawana hata nauli ya kwenda kuitazama biashara wanayotakiwa kuithibitisha.

Tuanze na fedha zenyewe. Tangu miaka ya 1990 halmashauri za Tanzania zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wanawake na vijana, lakini kwa muda mrefu utengaji huo ulitegemea utashi wa waliokuwepo ofisini. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliongezewa kifungu cha 37A, na kutenga kukawa lazima: asilimia 10 ya mapato ya ndani, mkopo usio na riba. Katika hiyo kumi, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kanuni za utoaji na usimamizi zikafuata mwaka 2019.

Neno la kushika hapo ni "mapato ya ndani". Maana yake si ruzuku kutoka Hazina, ni kile ambacho halmashauri inakusanya yenyewe: ushuru wa mazao, leseni za biashara, ada za masoko na stendi, ushuru wa huduma. Tena hesabu hufanywa baada ya kuondoa mapato lindwa, yale ambayo tayari yana kazi yake maalumu. Kwa hiyo haki ya mama wa Dar es Salaam na haki ya mama wa wilaya yenye soko moja na mnada mmoja kwa wiki zimeandikwa kwa maneno yale yale, ila kisima kinachochotewa si kimoja.

Chukua halmashauri ya mfano yenye shilingi bilioni 1.5 za kupigia hesabu. Asilimia 10 yake ni milioni 150. Wanawake wanapata milioni 60, vijana milioni 60, watu wenye ulemavu milioni 30. Halmashauri hiyo ina kata 20, na kila kata ina diwani ambaye wananchi wake watamuuliza kata yetu imepata ngapi. Zikigawanywa sawasawa, fungu la wanawake linakuwa milioni 3 kwa kata. Likienda kwa kikundi kimoja cha watu watano, kila mmoja anaangukiwa na shilingi 600,000. Vikiwa vikundi viwili, 300,000. Kwa upande wa vijana, bodaboda mpya moja tu inakaribia kuzimaliza zote.

Kwa kweli sikulitegemea jambo hili liwe zito kiasi hicho. Kugawa kila kata ni haki kwa macho ya kisiasa, na simlaumu diwani anayeipigania kata yake, lakini hugeuza mtaji kuwa posho. Kikundi kilichoomba milioni 8 za mashine ya kukoboa kinapewa milioni 2.5. Mashine hainunuliki kwa fedha hiyo. Wanakaa chini, wanaangaliana, kisha wanafanya kitu pekee kinachowezekana: wanagawana, kila mtu anarudi kwenye genge lake, kwenye vitenge vyake, kwenye mafungu yake ya dagaa. Mkaguzi akija baadaye ataandika kwamba mradi ulioombewa fedha haukutekelezwa, na atakuwa amesema kweli. Ila mradi huo uliuawa siku kiasi kilipokatwa.

Hapo ndipo sharti la kikundi nalo linapoonyesha uzito wake. Mtu mmoja hakopeshwi, isipokuwa kwa nafasi iliyowekwa kwa watu wenye ulemavu. Lengo ni jema: wanakikundi wasio na hati ya nyumba wala shamba la kuweka rehani wadhaminiane wenyewe kwa wenyewe. Lakini udhamini wa aina hiyo una nguvu pale tu watu walipokuwa wamoja kabla ya fedha kuja. Kikundi kilichoundwa Jumatatu kwa sababu tangazo la mikopo lilibandikwa Ijumaa kina katiba, kina mwenyekiti, kina muhuri wa mpira, na bado hakuna aliye tayari kulipa deni la mwenzake. Mwenyekiti akihama, deni linahama naye.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye vikundi. Nilikodi bodaboda mbili, yangu na ya afisa, kwa kuwa pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta kwa wiki ya pili.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha sabuni ya maji, na faili lao lilikuwa zuri kuliko yote, limepigwa chapa na kupangwa kwa vichwa vya habari. Uani tulikuta ndoo nne mpya, mwiko mrefu wa mbao, na akina dada sita waliovaa fulana zinazofanana. Afisa aliomba kuona sabuni. Ikaletwa chupa moja. Aliomba daftari la mauzo. Walitazamana, mmoja akasema liko kwa katibu, katibu amesafiri. Afisa akauliza ndoo zimenunuliwa lini. "Juzi," akajibu msichana mdogo aliyekuwa pembeni, kabla hajafinywa.

Kikundi cha pili kilikuwa cha usafi wa mtaa. Hawa huzoa taka nyumba kwa nyumba kwa makubaliano na serikali ya mtaa, kila kaya ikichangia ada kidogo, na waliomba mkopo wanunue toyo ya magurudumu matatu badala ya mkokoteni wanaousukuma kwa mikono. Faili lao lilikuwa la kurasa sita, limeandikwa kwa mkono, na makosa ya hesabu kwenye mchanganuo. Mweka hazina alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo mama. Naomba nione daftari lenu."

"Marahaba mwanangu. Lipi? La taka au la kikoba?"

Yalikuwa mawili. La taka lilikuwa na orodha ya kaya, mwezi kwa mwezi, waliolipa wamewekewa alama na wasiolipa wameachwa wazi, na mbele ya majina kadhaa yameandikwa maneno kama "mgonjwa, tumsubiri" na "amehama". La kikoba lilitoka ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu, na ilibidi tusubiri karibu saa nzima wenye funguo nyingine mbili wafike, kwa sababu hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mle kulikuwa na hisa za kila wiki, mikopo waliyopeana wao kwa wao, faini za kuchelewa kikao, na saini za dole gumba pale ambapo kalamu ilishindikana. Miaka miwili na miezi kadhaa, wiki baada ya wiki. Nililifunua lile daftari nikiwa na heshima ileile ninayokuwa nayo mbele ya kitabu kilichoandikwa vizuri.

Fomu ya tathmini ambayo afisa alikuwa nayo ilikuwa na nafasi ya kuandika kama katiba ipo, kama usajili upo, kama akaunti ya benki ipo, kama mchanganuo upo. Alijaza. Vikundi vyote viwili vilipata alama ya "ndiyo" katika kila mstari. Hapakuwa na mstari unaouliza kikundi kimekopeshana nini chenyewe, na kimelipana vipi.

Baada ya hatua ya kata, mambo hutegemea sana karatasi. Maombi hujadiliwa na kamati ya kata, hupanda halmashauri, wataalamu huyapitia, uidhinishaji hufanyika, mkataba husainiwa na fedha huingia kwenye akaunti ya kikundi. Kila ngazi husoma kilichoandikwa na ngazi iliyo chini yake. Mtu wa mwisho kuona ndoo na kufuli kwa macho yake ni yule wa kata, na asichokiandika yeye hakitaonekana tena na yeyote.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia dosari zilezile mwaka hadi mwaka: marejesho yasiyokusanywa, vikundi visivyopatikana, vilivyoacha biashara, vilivyopewa bila kutimiza masharti. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasitishwa hadi utaratibu mpya upatikane. Halmashauri ziliendelea kutenga fedha, lakini vikundi vilikaa vikisubiri kwa zaidi ya mwaka. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba mikopo itarejea katika mwaka wa fedha ulioanza Julai, na kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi bilioni 227.96: bilioni 63.67 za marejesho, bilioni 63.24 zilizobaki tangu 2022/23, na bilioni 101.05 za makusanyo ya mwaka mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa kupitia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, Manispaa ya Songea, Mji wa Newala na wilaya kama Siha na Nkasi. Zilizobaki zikaendelea kutumia maofisa wao chini ya kanuni zilizoboreshwa.

Benki ina faida ya wazi. Inajua kufuatilia marejesho, haiogopi uchaguzi, na diwani hawezi kumpigia simu karani wake. Ila benki inajua kusoma karatasi kuliko inavyojua kusoma mtaa. Ikiwa kinachopimwa kitabaki kuwa mchanganuo, basi kikundi cha steshenari kitapita dirishani kwa urahisi uleule kiliopita nao katani, na akina mama wa toyo wataulizwa kwa nini hesabu yao ya ukurasa wa nne haijumliki.

Kuna namna nyingine iliyojaribiwa kwa jirani zetu. Katika kaunti ya Isiolo nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulianzishwa mfuko wa mabadiliko ya tabianchi ambao baadaye ulienea Garissa, Kitui, Makueni na Wajir. Hiyo si mikopo, ni fedha zisizorudishwa, kwa ajili ya vitu vya wote kama visima, mabwawa na usimamizi wa malisho. Sehemu kubwa, asilimia 70, ilielekezwa kwenye miradi ya wadi, asilimia 20 miradi ya kaunti nzima, na 10 uendeshaji. Kamati ya wadi ilichaguliwa na wananchi wenyewe, hadharani, wakitazama nani anaaminika, na ngazi ya kaunti ilitakiwa kusaidia kuboresha pendekezo badala ya kulifuta. Makueni iliweka kanuni zake mwaka 2015, Wajir ikatunga sheria mwaka 2016. Waliosuka utaratibu ule walianza na swali la nani anawajua watu hawa, wakaipa ngazi hiyo mamlaka pamoja na fedha za kufanyia kazi.

Sisemi mkopo ugeuzwe ruzuku. Muuza mboga anaweza kurejesha, na marejesho yake ndiyo mtaji wa mwenzake wa mwakani. Lakini kikundi cha usafi kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinatafuta riziki, na kinaondoa taka ambazo zingeziba mtaro na kuleta kipindupindu. Faida ya kazi ya kwanza inaingia kwenye daftari lao. Ya pili inaingia kwetu sote bila kuandikwa popote, kisha tunawadai fedha yote kana kwamba wamefungua duka.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana mwaka huu huu wa fedha. Fomu ya kata iongezwe mstari wa kumbukumbu za akiba na mikopo ya ndani ya kikundi kwa miezi isiyopungua 12, na mstari huo uwe na alama nyingi kuliko mchanganuo. Kiasi kikikatwa chini ya kile ambacho mradi unahitaji, kikundi kiitwe na kuulizwa kama bado kinautaka mkopo, kabla ya mkataba. Na afisa wa kata apewe mafuta.

Awamu ile, kikundi cha sabuni kilipata. Cha usafi kiliambiwa kisubiri, mchanganuo ulikuwa na kasoro. Afisa alikuwa ametoa nakala za kurasa nne za daftari la kikoba kwa fedha yake mwenyewe, pale pale steshenari, akazibana kwa pini nyuma ya faili. Faili liliporudi, nami nilikuwa nimerudi katani. Pini ilikuwa palepale, na karatasi zile nne hazikuwa na mkunjo wa mtu aliyezifunua.