Spana za Inchi

Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, na hapo ndipo maafa ya Land Rover nyingi za zamani yalipoanzia. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti hiyo ndogo haionekani kwa jicho, lakini nati iliyoshikwa na kutu ikivutwa kwa nguvu, spana hucheza, pembe za nati zikalika, na kazi ya dakika moja ikageuka kazi ya tindo na nyundo. Fundi ambaye nimekuwa nikimtazama akifanya kazi Kitengela, hatua chache kutoka barabara ya Namanga, huweka spana zake katika masanduku mawili. Sanduku la bati ni la milimita, la magari ya Kijapani yanayomlipia kodi ya gereji. Sanduku la mbao ni la inchi. Kijana anayejifunza kwake amekatazwa kuchanganya hata spana moja.

Gari lililo mbele yake sasa ni Land Rover Series III, yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Aina hii iliundwa kati ya 1971 na 1985. Hili lilitumika jeshini, likachoka, likapigwa mnada, na alama za jeshi bado linazo. Chini ya viti vya mbele kuna matangi mawili ya petroli. Nyuma kuna ndoano nzito ya kukokotea. Rimu zake ni za vipande viwili vilivyobanwa kwa nati. Halafu kuna taa moja ndogo, imefichwa chini ya bodi, ambayo haimuliki barabara. Humulika difu ya nyuma, iliyopakwa rangi nyeupe, ili katika msafara wa usiku taa nyingine zote zikizimwa, dereva anayefuata aongozwe na doa hilo jeupe tu. Fundi alisafisha nyaya za taa hiyo kabla hajagusa taa kubwa za mbele. Nilimwona akiiwasha, akachuchumaa kuutazama mwanga wake, kisha akaendelea na kazi bila kusema neno.

Sheria yake ni moja: kinachofunguka hakikatwi. Gari la jeshi liliundwa hivyo kwa makusudi, ili askari aweze kulifungua kando ya njia akiwa na spana chache. Mbawa za mbele zimeshikwa kwa bolti. Mlango huinuliwa ukatoka kwenye bawaba zake. Kioo cha mbele hulala juu ya boneti. Ukitaka giaboksi, unafungua sakafu na boksi la viti, unaitoa kupitia ndani ya gari. Aliyekata bati kwa grainda kwa sababu nati moja imegoma hakulitengeneza gari. Alimwachia kazi mwenzake atakayekuja baadaye. Nati zilizogoma hapa hupakwa mafuta jioni, zikalala nayo, zikajaribiwa asubuhi. Zikikataa, zinapakwa tena. Moto huja mwisho kabisa.

Ni vizuri msomaji ajue kwa nini subira hiyo ina maana. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe kutoka nje likiwa limezidi miaka 8. Kwa hiyo Land Rover za namna hii, na malori ya Bedford yaliyostaafu jeshini, hayataongezeka kwa njia ya bandari. Tuliyonayo ndiyo haya: yaliyoko minadani, na yaliyosimama kwenye maboma chini ya migunga kuanzia Isinya hadi Bissil.

Kazi huanzia chini. Bodi ikishatolewa na kuegemezwa ukutani, chasisi hukaa juu ya magogo, imeoshwa hadi ndani. Chasisi hii imeundwa kwa mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa kingo kwa kingo, yakawa boksi refu lenye uwazi. Uwazi huo unaipa nguvu bila uzito mwingi, na ndio huohuo unaoiletea ugonjwa, kwa kuwa tope likishaingia halitoki. Nje rangi ni nzima. Ndani chuma kimekuwa unga. Fundi anachukua nyundo ndogo na kugonga kuanzia mbele, akisogea upana wa vidole vitatu kila mara. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, iliyozibwa. Akiisikia anasita, anagonga kushoto na kulia kwake, anarudi palepale, kisha anachora mpaka kwa chaki.

“Mzee, si tukate tu kipande hiki chote?” kijana anauliza.

“Tukate kilichokufa. Kilicho hai kina kosa gani?”

Kiraka hupimwa kwa katoni kwanza. Katoni hukatwa, hujaribiwa, hupunguzwa, mpaka ikae bila kusukumwa. Ndipo umbo lake linahamishiwa kwenye bamba. Kuchomelea nako hakufuati mstari. Anachomelea urefu wa kidole upande huu, anahamia upande wa pili, anasubiri hadi kiganja kiweze kutua juu ya chuma, ndipo anarudi. Joto likikusanyika mahali pamoja, chasisi hujipinda, na gari lililopinda hukimbia upande maisha yake yote. Baada ya kila kiraka anavuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya chasisi, kisha kwa pembe zile nyingine, na kulinganisha urefu. Kitendo hiki nimekiona kikirudiwa hata pale ambapo kiraka ni kidogo kuliko kiganja.

Springi ni mabamba yaliyopangwa, marefu juu, mafupi chini. Kutu ikiingia katikati yake mabamba hushikana, na gari huruka badala ya kupumua barabarani. Anayatenganisha, anayasugua moja moja kwa brashi ya waya, anayapaka grisi, anayafunga upya na bushi mpya. Bamba lililovunjika halitupwi, kwa maana wahunzi wa Umaasaini wamekuwa wakifua sime kutokana na chuma cha springi za magari. Lakini kilichonivutia zaidi ni bolti za kushikilia springi. Anaziingiza, anazikaza kwa mkono tu, na kuziacha. Zitakazwa kwa spana siku gari litakaposimama kwa magurudumu yake na kubeba uzito wake, kwa sababu mpira wa bushi ukibanwa wakati springi inaning'inia, utabaki umejipinda na kuraruka mapema. Gari likawa na magurudumu, likawa na bodi, na zile bolti bado zilikuwa zinasubiri. Hakuzisahau, zilikuwa zimeandikwa kwa chaki ukutani.

Mwishoni mwa ekseli ya mbele kuna tufe la chuma ambalo gurudumu hulizunguka linapogeuzwa na usukani. Ugumu wa kugeuka lazima uwe wa kiasi: ukilegea, usukani hutetemeka kwenye barabara ya vumbi, ukizidi, mikono ya dereva huchoka. Fundi hupima kwa mizani ya springi yenye ndoano, ya aina waliyokuwa nayo wauza nyama. Anaitundika kwenye mkono wa usukani, anavuta taratibu, anasoma, anafungua, anaondoa kijibati kimoja chembamba cha kupangia nafasi, anafunga, anavuta tena.

Bodi ya Land Rover haikuundwa kwa chuma. Gari la kwanza lilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na waundaji wakatumia alumini iliyochanganywa na magnesi. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa polepole na kuacha unga mweupe. Ndiyo maana kila mahali bodi inapokutana na chuma, fundi hupaka rangi ya zinki, kisha hutandika utepe wa mpira aliokata kwenye tyubu kuukuu ya lori. Tepe hizo hazitaonekana tena gari likikamilika.

Bawa la kushoto lilikuwa limebonyea, na hapa niliona jambo ninalotaka kulieleza kwa utuvu. Alumini ikigongwa huwa ngumu, na ikiendelea kugongwa hupasuka. Dawa yake ni kuipasha joto ilegee. Shida ni kwamba alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inakaa na rangi yake ileile, halafu ghafla inadondoka. Fundi alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akachora nacho mistari juu ya lile bonde kama mwalimu anayepigia mistari ubaoni. Akapitisha mwali wa gesi huku na huku, mkono hautulii mahali pamoja. Macho yake hayakuwa kwenye mwali. Yalikuwa kwenye sabuni. Mistari ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia, na ilipokuwa nyeusi akaondoa moto papo hapo. Akaacha bati lipoe. Kisha akashika kitako cha chuma kwa mkono mmoja upande wa ndani, na mkono mwingine nyundo ya mbao, akaanza kugonga pembeni mwa bonde, akizunguka kuelekea katikati. Mapigo yalikuwa mepesi. Kila baada ya muda alifumba macho na kupitisha kiganja, kwa kuwa kiganja husikia kilima ambacho jicho limekidharau. Bawa lilirudi bila kutiwa hata kijiko kimoja cha mseto wa kuzibia.

Injini ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa unaojulikana: uso wake wa juu hujikunja kwa joto, petroli ikapita mahali isipostahili, na injini ikakataa kutulia. Wengi huibadilisha. Yeye hubandika msasa mwembamba juu ya kioo kinene, kwa sababu kioo hakina mabonde, na kuuzungusha uso wa kabureta juu yake kwa mkono mwepesi mpaka mikwaruzo ienee sawasawa.

Kwenye valvu hutumia hesabu ambayo kijana ameshaikariri: jumla iwe 9. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1. Ikifunguka ya 6, pima ya 3. Nafasi inayotakiwa ni robo ya milimita, na kisahani cha kupimia kinapaswa kuteleza kikiwa na ukinzani kidogo. Kijana hupima, fundi hupima baada yake, bila kumsemesha. Injini huzungushwa kwa hendeli ya mbele, na hapo fundi ana amri nyingine: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha pigo, gumba lililozunguka hendeli huvunjika.

Rangi haikuchukua muda, na ilikuwa ya udongo. Mwenye gari hakutaka kijani cha jeshi, na nadhani alifanya vyema. Gari la raia halina sababu ya kumbabaisha askari barabarani. Turubai ilishonwa kwa pamba nzito, ikalowanishwa na kukaushwa kabla ya safari, ili nyuzi zivimbe na matundu ya sindano yazibe.

Yapo magari yanayotunzwa ili yaoneshwe, na Africa Concours d'Elegance, iliyoanza mwaka 1970, imewapa wenye magari hayo jukwaa la heshima. Hili lilitunzwa ili watu walale kando yake. Njia ya safari yetu ilikuwa Isinya, Kiserian, Kona Baridi, kisha mteremko mrefu wa barabara ya Magadi kuingia Bonde la Ufa. Breki za gari hili ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na ngoma zikipata moto hukosa nguvu. Fundi, aliyekuja kama dereva, alishusha gia juu kabisa ya mteremko, akaiacha injini ilishike gari, na kugusa breki kwenye kona tu. Waliokuwa na haraka walitupita.

Tulipiga kambi Olorgesailie, kwenye eneo la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, palipo na mashoka ya mawe ambayo Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua katika miaka ya 1940. Gari liliwekwa ubavu kwa upepo. Turubai ya pembeni ilivutwa kutoka kwenye vyuma vya tao hadi kwenye nguzo mbili; mlango wa nyuma, unaoning'inia kwa minyororo, ukawa meza. Kabla ya kulala fundi alitandaza katoni chini ya injini na giaboksi. Asubuhi aliisoma. Tone moja chini ya giaboksi. Alilinusa, kwa maana oili ya gia ina harufu ya kiberiti ambayo ya injini haina. Akatambaa chini, akakaza nati moja robo mzunguko. Tuliporudi kutoka Magadi, gari halikuingia gereji kabla ya kuoshwa chini kwa maji mengi, kwa sababu vumbi la magadi hula chuma.

Gari hili hunywa petroli: lita moja kwa kilomita 5 au 6. Halina kasi na ndani yake huwezi kuzungumza kwa sauti ya chini. Lakini kila kilichomo kinaweza kufunguliwa, kueleweka na kurudishwa, na hilo kwangu ni sifa kubwa kuliko starehe.

Ikiwa unalo moja limesimama bomani, usiwape wanunuzi wa vyuma vikuukuu waliuze kwa kilo. Alumini yake itayeyushwa ndani ya wiki. Lifunike. Ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa kisafi, toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, uzungushe injini kwa hendeli mara chache. Kisha mtafute fundi mwenye spana za inchi, na ukimpata, mpelekee kijana wa kujifunza pamoja na gari.