Mita, Kipimo na Kipimaumbali: Maoni Kuhusu Majina ya Vyombo Vipya vya Wapima Ardhi

Neno mita limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Kwanza ni kizio cha urefu. Pili ni chombo, kama tusemavyo mita ya maji na mita ya umeme. Kwa miaka mingi mizigo hiyo haikugongana, maana asomaye mita ya umeme husoma yuniti, wala hasomi mita. Imegongana sasa, baada ya vyombo vya kielektroniki vya kupimia umbali kuingia mikononi mwa wapima ardhi na mafundi ujenzi. “Mita ya umbali inaonyesha mita 40” ni sentensi ambayo mfasiri huiandika bila kusita, naye msomaji hulazimika kuirudia.

Tunauchukua mfano wetu Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Mji wa mkoa hudai viwanja vilivyopimwa, na vijiji vinavyouzunguka vinadai hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Humohumo mkulima wa pamba ana kipimo chake cha siku zote: ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si cha kubezwa. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Basi kinakaribia sana kweli iwapo kila hatua ni yadi moja, yaani kama sentimita 91. Lakini mtu wa hatua ya sentimita 75 hupata mraba wa mita 52.5 kila upande, ambao unazidi theluthi mbili za ekari kwa kiasi kidogo tu, na trekta hulipiwa kwa ekari. Hebu tuseme wazi: hupata takribani asilimia 68 ya ekari. Mwenye shamba anayeambiwa hivyo na chombo ana haki ya kukiuliza chombo hicho jina lake.

Na jina analopewa ni lipi? Katika mikutano ya upimaji tuliyopata kuhudhuria tumesikia “mashine”, “leza”, na zaidi ya yote “totali stesheni”, au “stesheni” kwa mkato. Wapima ardhi wenyewe wanaelewana: ni chombo kinachounganisha upimaji wa pembe na upimaji wa umbali. Lakini stesheni kwa mwananchi ni mahali treni isimamapo, na iliyo mkoani humo anayoijua iko Malampaka, wilayani Maswa. Hatulaumu ukopaji, lugha yetu imekopa redio na theodolaiti bila kupata hasara. Tunalolaumu ni kukopa neno ambalo tayari lina mwenyewe.

Wengine wamependekeza “kipimaurefu”. Pendekezo hili lina mantiki ya sarufi, kwani linafuata njia ya kipimajoto na kipimapembe, ila nomino yake ni dhaifu. Urefu wa ukuta ni wa kwenda mbele au wa kwenda juu? Fundi akiambiwa urefu ni mita tatu atauliza swali hilo, naye atakuwa na haki. Umbali hauna utata huo: ni kutoka hapa hadi pale. Kwa hiyo tunaliunga mkono neno kipimaumbali, liandikwe kama neno moja, kisha aina zake zitajwe kwa kile kinachotumwa: kipimaumbali cha leza, cha mawimbi ya redio, cha sauti. Chombo cha namna hii hutuma wimbi, likagonga shabaha na kurudi. Nuru hutembea takribani sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na kutokana na mwendo huo umbali hukokotolewa.

(Mafundi wetu wana neno pimamaji, ambamo maji hayapimwi bali ndiyo yanayopimia. Kwa kufuata njia yao tungepata “pimanuru”, neno fupi na zuri. Tunalisikitikia, lakini lingeviacha nje vyombo vya redio na vya sauti.)

Neno linalotutia hofu zaidi ni masafa. Asili yake ni umbali, na kamusi zinalitambua hivyo. Lakini watangazaji na wasimamizi wa mawasiliano wamelifanya liwe idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika maelezo ya kipimaumbali dhana zote mbili hukutana ukurasa mmoja, pamoja na ya tatu, yaani mwisho wa uwezo wa chombo. Tumeona tafsiri iliyotumia masafa kwa zote tatu. Tunashauri umbali kwa kinachopimwa, upeo kwa mwisho wa uwezo, na marudio kwa wimbi, masafa yakiachiwa redio ambako yameshazoeleka.

Lakini upungufu ulio mkubwa kuliko yote haumo katika jina la chombo. Umo katika neno umbali lenyewe, linapoachwa bila kivumishi. Juu ya mteremko wa nyuzi 10, futikamba iliyolazwa ardhini ikisoma mita 100, ramani itaandika mita 98.48, kwa sababu ramani huchukua umbali wa mlalo. Chombo huweza kuonyesha namba zote mbili. Kijana wa kijiji aliyeshika ncha ya futikamba ameiona mia kwa macho yake; karatasi inapomwambia tisini na nane na nusu, anachoona ni kwamba mita moja na nusu ya baba yake imekwenda kwa jirani. Tungependa kila fomu na kila muhtasari wa mkutano wa kijiji uandike “umbali wa mshazari” au “umbali wa mlalo”, na kamwe usiandike “umbali” peke yake. Mlalo na mshazari ni maneno ambayo seremala yeyote anayajua.

Bado hatuna neno la kutofautisha usomaji wa chombo hadi milimita na usahihi wake hadi milimita. Kioo kinaweza kuonyesha milimita huku joto la mchana likiipotosha namba: tofauti ya nyuzi joto 10 isiyosahihishwa huleta kosa la kama sentimita moja katika kilomita moja. Wasomaji walio Maswa, Meatu, Itilima na Busega, hasa walimu wa ufundi, wanaombwa watuletee neno walilokwisha kulisikia kazini.